Hukuwatupia, Uliwawekea

Shangazi,

Kitu cha kwanza nilichokiona kwako kilikuwa mgongo. Baba alikuwa amenileta asubuhi na mfuko mmoja wa nguo, nami nilijibanza nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, kwa sababu sikujua mtu anatakiwa kusimama wapi katika nyumba ya fundi. Ukatoka kwenda uani na kopo la punje mkononi. Nilidhani utatupa zile punje kama watu wote wanavyotupa. Wewe ulishika kiuno, ukainama taratibu, ukasema, "Yesu wangu, mgongo huu," ukaziweka chini, fungu hapa, fungu pale, kama mtu anayepakua.

Baba akacheka. "Dada, hao ni shomoro, si wageni. Watupie tu."

Ukajibu hata kabla hujainuka. "Anayetupiwa kitu ni anayefukuzwa. Aliyealikwa huwekewa."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Shule niliiacha darasa la tano, Mama alipofariki, na kwa kuwa Baba alikuwa anafuata kazi za uashi huku na huko, mimi nilihamishwa nyumba hadi nyumba kama kiti cha kuazima. Mchana ule uliniwekea sahani mbele yangu kwa mikono miwili. Sijui kama wewe ulikumbuka uliyomwambia Baba asubuhi. Mimi nilikumbuka.

Mwaka umejaa sasa tangu kastabani yako, ile kofia ndogo ya chuma iliyokukinga kidole na sindano, ilipobaki juu ya cherehani bila kidole ndani yake. Tulipokutana kupanga maneno ya kumbukumbu hii, Dada Muuguzi, binti yako, alisema ataandika yeye kwa kuwa ndiye aliyesoma. Kaka Dereva, mwanao, akasema hapana, yeye ndiye mkubwa. Wakavutana weee. Baba aliwasikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Aandike Kinda. Ndiye aliyekuwa akikaa naye."

Kinda ni mimi, na jina hilo ulinipa wewe. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba nitakosea herufi.

"Makosa yako dada yangu alishayazoea," Baba akasema. "Au umesahau kopo?"

Wote wakacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza sisi kucheka pamoja tangu tukuzike.

Basi naandika mimi kwa niaba yetu sote. Lakini kuna swali uliloniuliza mimi peke yangu, siku tatu kabla hujatuacha, na sikulijibu. Nitalifikia. Unanijua, mimi si mtu wa kuanza na jambo lenyewe.

Kwa wasiokujua: ulikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma kilikuwa cha kulala, na ua uliobaki kati ya kuta mbili ulikuwa wa ndege. Nyuma ya ukuta wa kulia alikuwa Mchomeleaji na vyuma vyake. Nyuma ya ukuta wa kushoto alikuwa Mwalimu Mstaafu na redio yake. Ulishona sare za shule, magauni ya harusi na mashuka ya hospitali. Hukuwahi kumkabidhi mtu nguo yenye "pindo la uongo". Huo ulikuwa msemo wako, maana yake nguo iliyonyooshwa vizuri upande wa mbele na kushikizwa ovyo kwa ndani. Ulisema wapo hata Wakristo wa pindo la uongo, na ukisema hivyo ulijitazama wewe kwanza kwenye kioo cha wateja. Mteja akichelewa kuchukua nguo yake, ulimwombea kwa jina: "Bwana, mkumbushe, kabati limejaa."

Kila asubuhi, kabla mguu wako haujakanyaga cherehani, ulichukua kopo la chenga za mchele ukaligonga kwa kastabani. Ti-ti-ti. Shomoro walishuka kutoka kwenye bati kama shanga zilizokatika uzi. Jumapili alasiri walishuka na watoto pia. Nasikia mwanzoni hakuna aliyewaita. Walikuja kuchungulia ndege mlangoni, ukawaambia, "Anayesimama anawatisha. Kaeni." Wakakaa juu ya magunia ya vipande vya vitambaa. Wiki iliyofuata wakaja tena, wakiwa wengi zaidi, nawe ukajikuta una darasa. Kanisa lilipokuja kulibariki, darasa lilikuwa limeshamaliza mwaka.

Kopo lenyewe ni hadithi. Wiki ya pili tangu nije, uliniambia niandike juu yake kwa rangi, asije mtu akapika chakula cha wenyewe. Nilijitahidi nusu siku, ulimi nje. Nikaandika: CHAKULA CHA NDENGE. Jumapili yake Mwalimu Mstaafu alikuja kuchukua suruali, watoto wakiwa wamekaa. Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akashika mlango.

"Fundi! Ndenge ni beberu! Kumbe humu ndani mnafuga mbuzi dume?"

Watoto wakaangua kicheko. Chiriku, yule mvulana ambaye mdomo wake haufungi hata akilala, akaanza kulia kama mbuzi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ulitoa pini mdomoni, moja moja, ukazichomeka kwenye kimto chako kidogo cha pini, wala hukuwa na haraka. Halafu ukagonga kopo. Ti-ti-ti. Shomoro wakashuka.

"Mwalimu," ukasema, "hawa wenyewe wamesoma wakaelewa."

Kisha ukawageukia watoto. "Mmeona? Hawakungoja herufi zinyooke. Na ninyi msingoje mjue kusali vizuri ndipo msali. Semeni tu. Huko juu wanasoma mwandiko wowote."

Nilitaka kufuta yale maandishi, ukanikataza. Kopo likabaki la ndenge, na mpaka leo watoto wa mtaa huu wakiona kundi la shomoro wanapiga kelele, "Ndenge! Ndenge!" Mimi lakini tangu siku ile sikusoma wala sikusema kitu mbele ya darasa. Hukunilazimisha. Ulipofundisha, mimi nilishika kopo. Majirani walianza kuniita Bubu wa Fundi, wewe ukawaambia kinda halilii mpaka limeona nani anakuja.

Tunakumbuka Jumapili ya kunguru. Alitua katikati ya punje, shomoro wakatawanyika, Chiriku akaokota jiwe.

"Fundi, huyu mwizi nimpe moja?"

"Amekuibia nini?"

"Jana alibeba sabuni ya mama!"

"Kwa hiyo leo hana njaa?"

Chiriku akawaza. "Anayo. Lakini mwangalie basi sura yake."

"Na wewe Jumapili ya kwanza ulipokuja hapa na kamasi mpaka kidevuni, mimi nilikuokotea jiwe?"

Tulicheka mpaka kunguru mwenyewe akaruka. Jiwe likaanguka. Ndipo ukawasimulia habari za yule nabii aliyejificha kijitoni wakati wa ukame, na ndege waliotumwa kumpelekea chakula asubuhi na jioni. "Wala hawakuwa njiwa," ukasema. "Walikuwa kunguru. Siku ukiwa na njaa, usije ukachagua sura ya anayekuletea."

Aliyekutoa jasho zaidi ni Kwanini. Binti wa miaka sita, hana meno mawili ya mbele, na kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuuliza kwa nini. Siku moja ulikuwa unafundisha kwamba ndege hawalimi wala hawana ghala, na bado Baba wa mbinguni anawalisha. Akainua kidole.

"Kwa nini basi unawalisha wewe?"

Hata Mchomeleaji aliacha kugongagonga vyuma vyake. Yule bwana hakuwa na kazi yoyote Jumapili. Alikuwa anakusikiliza ukutani, akijifanya anapanga vyuma.

"Gauni ulilovaa nani alilishona?" ukamuuliza.

"Wewe."

"Lakini kitambaani nani aliingia akatoka, akaingia akatoka?"

Akafikiri. "Sindano."

"Basi mimi ni sindano."

Jibu hilo lilimtosha kwa majuma mawili, ambayo kwake ni muda mrefu sana. Kisha tukamkuta shomoro amekufa chini ya bomba la maji. Kwanini akamtazama, akakutazama na wewe.

"Kwa nini sindano haikufika?"

Ulikaa chini kwenye gunia. Hukutafuta maneno. "Sijui," ukasema. "Mimi sikuambiwa kwamba hawaanguki. Niliambiwa kwamba hakuna anayeanguka Baba asijue." Mkamzika pale chini ya ukuta, ndani ya kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, na Chiriku aliongoza wimbo kwa sauti ya kuchosha. Sijawahi kusikia mwalimu mwingine akiwaambia watoto "sijui". Labda ndiyo maana walikuamini uliposema "najua".

Lakini somo ambalo nyumbani kwetu halitasahaulika ni la njiwa. Alitua Jumapili moja akichechemea. Uzi wa zambarau ulikuwa umeuzunguka mguu wake mara nyingi, umekaza mpaka kidole kimoja kimekuwa cheusi. Mchomeleaji akaruka ukuta na glovu zake za ngozi, akamfunika njiwa na gunia, akamshika. Pande la mtu lile likaanza kutetemeka.

"Miaka ishirini nashika chuma cha moto sitetemeki," akasema. "Haka kandege kana moyo kama jenereta!"

"Shika hivyohivyo. Jenereta ikizima ndiyo uogope," ukasema, na kwa kimkasi cha kukatia nyuzi ukaanza kuufungua ule uzi, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Watoto hawakupumua. Hata Chiriku.

Uzi ulipotoka, ukauinua juu watoto wauone. Wiki ile mtaa mzima hakukuwa na nyumba nyingine yenye uzi wa zambarau. Ni sisi tuliokuwa tunashona majoho ya kwaya.

"Uzi huu umetoka nyumbani kwangu," ukawaambia. "Mkono uliomlisha ndio uliomfunga. Leo mwenye kutubu ni mwalimu." Ukafumba macho, ukamwomba Mungu msamaha mbele ya watoto, kwa sauti, kwa ajili ya uzi.

Mimi nilikuwa mlangoni natafuna ncha ya futi ya kupimia. Sheria ya nyumba ilikuwa moja tu: vipande vya nyuzi huingia kwenye gunia nyuma ya mlango, uani haufiki hata mmoja, kwa sababu ndege hutembea pale na uzi hauonekani. Na Alhamisi ya wiki ile, nikiwa na haraka, mimi nilisimama mlangoni nikakung'uta mapaja yangu. Uzi ulikuwa wangu. Nawe ulijua. Nani mwingine alikuwa anapinda yale majoho? Kesho yake nilikuta aproni mpya juu ya kiti changu, yenye mfuko mpana kwa mbele, mfuko wa kutilia nyuzi. Hukusema neno. Nami sikusema neno. Tukashona hivyo, cherehani kwa cherehani, mpaka ulipoanza kuugua.

Uliugua kama ulivyofanya kazi, bila kelele. Ulishona vifungo ukiwa umekaa kitandani, na ukaniagiza nguo zote za watu zirudi kwa wenyewe, na kila moja nilikuonyesha pindo kwanza. Siku ile ninayoisema ilikuwa alasiri. Dirisha lilikuwa wazi. Nje shomoro walikuwa wanapiga kelele kwenye bati kwa sababu nilikuwa nimewachelewesha, na mlangoni walikuwapo watoto watatu au wanne waliokuja kukujulia hali, Dada Muuguzi akiwa amewakataza kuingia. Ukageuza kichwa upande wa kelele. Ukasema, "Utawalisha?"

Nikanyoosha shuka. Lilikuwa limenyooka tayari. Nikalinyoosha tena. Niliona kwamba nikikujibu ndiyo, nitakuwa nimekuruhusu uende. Ukanisubiri kidogo, ukanishika kidole hiki cha kastabani, ukasinzia. Baada ya siku tatu ukaondoka, mapema, wakati ambao siku zote ulikuwa unaligonga kopo.

Nikadhani uliniuliza habari za ndege.

Asubuhi ya kwanza baada ya mazishi niligonga kopo kwa kijiko. Hakuna aliyeshuka. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne nikavaa kastabani yako. Ilinipwaya, nikaijaza kitambaa. Ti-ti-ti. Wakaja, lakini wawili watatu kwanza, kama watu wanaosoma barua ya mtu wasiyemjua. Nikainama, nikawawekea. Nikajisemea, sawa, ninafanya aliyoyataka.

Jumapili watoto nao walikuja, wakakaa kwenye magunia. Niliweka punje, nikaingia ndani. Walisubiri. Walitazama ndege mpaka wakaisha, wakaondoka polepole. Jumapili iliyofuata wakaja tena, wakasubiri tena. Walikuwa kumi na wanne. Wakawa kumi. Baada ya miezi mitano wakawa sita, na Mzee wa Kanisa akaja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Binti yangu, sisi hatukulaumu," akasema. "Lakini tumeona darasa la uani tulifunge. Hapa ndege wana mwalimu, watoto hawana. Jumapili ijayo nitakuja tufunge kwa sala."

Nikatazama chini. Akangoja nijibu, kama ulivyongoja wewe. Akaaga.

Kwanini alikuwa bado kwenye gunia. Meno yake yalikuwa yameshaanza kuota.

"Fundi alikuambia utulishe," akasema. "Kwa nini unalisha ndege tu?"

"Aliniambia kuhusu ndege."

"Nilikuwepo mlangoni. Alisema, 'Utawalisha?' Alikuwa anatuangalia sisi."

"Alikuwa anaangalia dirishani."

"Alikuwa anaangalia mlangoni!"

Tukabishana, mimi na mtoto wa miaka saba, mpaka machozi yakatutoka sote wawili. Sikulala vizuri juma lile, Shangazi. Nilikanyaga cherehani huku nikilipitisha neno lako chini ya sindano. Utawalisha. Lingekuwa suala la kuku au la watu, la shomoro au la watoto, lugha yetu inatumia "wa" ileile, haikati vipande viwili. Na wewe ulikuwa mtu wa kukata kwa mkasi wenye makali. Ungetaka kusema ndege, ungesema ndege.

Jumapili yake Mzee wa Kanisa alifika amevaa koti, na kitabu cha sala kwapani. Watoto walikuwa sita. Niligonga kopo, nikainama, nikaweka punje. Badala ya kuingia ndani nikakaa kwenye gunia lako. Nikatia mkono katika mfuko wa aproni, nikatoa konzi ya nyuzi.

"Mnakumbuka uzi wa yule njiwa?" nikasema.

"Anaongea!" Chiriku akapiga kelele. "Jamani, anaongea!"

"Wewe nyamaza, ataacha!" Kwanini akamfinya.

"Uzi ule haukuwa wa Fundi. Ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyekung'uta uani."

Wakanitazama.

"Fundi alisema ni wake," Chiriku akasema.

"Alisema."

"Alijua ni wako?"

"Alijua."

"Kwa nini hakukusema?" Huyo unamjua ni nani.

Nikawaonyesha aproni. "Alinishonea hii."

Kwanini akaja, akatia mkono mfukoni, akaupima kina chake mpaka kiwiko kikakaribia kuzama. "Kama Yesu," akasema mwishowe, si kwa kuuliza.

"Nafikiri ndivyo," nikasema. Nilitaka kusema zaidi. Haikuhitajika. Chiriku alikuwa anajikuna kichwa.

"Basi na mimi niseme," akasema. "Bomba la Mwalimu Mstaafu halikupasuka lenyewe. Ulikuwa mpira wangu."

Ukuta wa kushoto ukajibu. "Nilijua! Na nimeshakusamehe! Lakini kesho utakuja kunichotea maji!"

Mzee wa Kanisa akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya gunia, akakaa na watoto. Hakufunga kitu siku ile. Hiyo ni miezi saba iliyopita.

Upate habari, basi. Watoto sasa ni kumi na saba. Mimi bado nasoma polepole, kwa hiyo Kwanini ndiye anayesoma, meno yake yote yapo, nami naeleza ninachoweza. Nisichoweza nasema sijui, kama ulivyonifundisha. Kopo la zamani lilishika kutu likatoboka, Mchomeleaji akatutengenezea jipya la bati nene ambalo litatuzika sisi sote. Nilitaka kuandika vizuri safari hii, maana sasa najua. Watoto wakagoma. Mwalimu Mstaafu mwenyewe akaomba brashi, akavaa miwani, na kwa ule mwandiko wake wa ubaoni akaandika: CHAKULA CHA NDENGE. Akasema ni mara ya kwanza katika maisha yake kukosea kwa makusudi, na mkono wake haukutetemeka.

Njiwa wa kidole pungufu bado anakuja. Amezoea kutembea hivyo, utadhani anaringa. Kabla sijagonga kopo napita ua mzima nimeinama, natafuta nyuzi. Mgongo umeanza kuniuma mahali palepale palipokuwa pakikuuma wewe. Sijambo nao.

Wanaokukumbuka ni kaka yako, Baba yangu, ambaye siku hizi akija huwawekea shomoro mwenyewe na hujifanya ameangusha kitu. Mwanao Kaka Dereva, na mkewe. Binti yako Dada Muuguzi. Wajukuu wako Pacha, ambao bado wanabishana uliyempenda zaidi. Majirani zako wa kuta zote mbili. Watoto wa Jumapili, kumi na saba waliopo na wale waliokua wakahama. Na mimi, Kinda.

Hatutakusahau. Kila asubuhi kopo likigongwa, jina lako limetajwa.

Na lile swali. Siku ile nilinyoosha shuka. Leo jibu lake ni hili: Ndiyo, Shangazi. Nitawalisha. Wote.